Semina yao ya "fursa" na dawa ya meno, nyota 2

Hawa ni kampuni ya biashara ya mtandao, ile ya kuuza bidhaa huku ukiingiza wanachama wapya chini yako. Nyota zote 2 ni za dawa yao ya meno jamani, iko poa, povu la kutosha, ila bei ni mara tatu ya ile ya dukani na ukisoma boksi viambato ni vilevile tu, floraidi na wenzake. Sasa nani ataninunulia hiyo kama si mwanachama anayenunua ili apate pointi zake za mwezi? Hapo ndo penyewe. Nikamuuliza yule jamaa aliyetaka kuniunganisha, kaka, ukitoa wanachama, wateja wa kawaida mnao wangapi, akacheka akanionyesha picha ya gari kwenye simu. Sikuulizia gari mimi.

Ile hesabu ya "leta 6, kila mmoja alete 6" ubaoni inavutia kweli, lakini ipige mpaka ngazi ya 13 unapata watu zaidi ya bilioni 13, dunia nzima haina watu hao, kwa hiyo wa chini lazima wakose wa kuwaingiza na sio uvivu kama wanavyodai. Hata Herbalife, kampuni kubwa ya biashara ya aina hii kule Marekani, mwaka 2016 ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo ili malipo yafuate mauzo halisi.

Takwimu za mapato ya wanachama hawana, na kurudisha mzigo ukikudodea ni maneno ya mdomo tu, kwenye mkataba hakuna. Ukumbi mzuri, muziki juu mno. Wanasukuma ulipie leoleo eti nafasi zinaisha, nikaomba niupige picha mkataba nikausome nyumbani, wakakataa.