Uzi wa miiba au klipu ya titaniamu?

Zote zinamwondolea daktari wa upasuaji kazi ya kupiga fundo anaposhona, ila njia ni tofauti kabisa. Uzi wa miiba, kama V-Loc, una vijimeno vinavyoelekea upande mmoja na mwishoni kuna kitanzi, unapitisha sindano kwenye kitanzi, unavuta, basi, vijimeno vinang'ata nyama na uzi haurudi nyuma. Kwa kufunga mfuko wa uzazi baada ya kutoa fibroidi mi naona huu ndo wenyewe. Ubaya wake ukikosea huwezi kuurudisha, na mkia ukiachwa mrefu unaweza kunasa utumbo ukaziba.

Klipu, mfano Cor-Knot, ni ya upasuaji wa moyo zaidi: ncha mbili za uzi zinapita ndani ya kibomba kidogo cha titaniamu, daktari anabonyeza mkono wa kifaa, kibomba kinabanwa na uzi unakatwa hapohapo. Vali moja (mlango wa damu ndani ya moyo) inaweza kutaka mishono 12 hadi 15, sasa piga hesabu kila mshono mafundo kadhaa, tena kupitia tundu dogo kati ya mbavu, vidole vyenyewe havifiki! Hapo klipu haina mpinzani. Ila chuma kinabaki mwilini, na kikilala vibaya kinaweza kutoboa vali, kwa hiyo mwelekeo uangaliwe kabla ya kubonyeza.