Ufunguo wa jirani ulifungua kitasa changu kipya

Wiki kadhaa zimepita na bado nikikumbuka kifua kinanijaa. Mnaonijua mpole mtanisamehe, hili lazima nilitoe.

Tulihamia kwenye nyumba yetu huku Chanika muda mfupi kabla ya masika. Nyumba haijaisha, vyumba viwili havina dari mpaka leo, lakini mlango wa mbele niliukazania. Mlango wa mninga, fremu ya mninga, seremala alichukua muda wake na sikumharakisha. Mume wangu anaendesha lori. Akienda Tunduma foleni ya mpakani inaweza kumla siku nyingi, mimi nimebaki na watoto watatu. Kwa hiyo kitasa sikumwachia fundi aniletee anachokijua yeye. Nilikwenda mwenyewe Kariakoo, upande wa Gerezani, nikamwambia muuzaji kwa kinywa changu: nataka cha mlango wa mbele, kigumu kuliko vyote ulivyonavyo. Akatoa boksi, akakichomoa, akakibwaga juu ya kaunta ili nisikie uzito. "Mzigo orijino huu, mama. Mtu aje na nyundo ataondoka nayo." Elfu arobaini na tano, na sikupunguziwa hata mia.

Na kwa haki ya Mungu, kitasa ni kizuri. Ulimi unatoka laini, mkono haujalegea, mvua imekipiga masika nzima na hakijashika kutu. Ningeandika mwezi wa kwanza ningewaambia kimbieni mkanunue.

Sasa siku hiyo natoka mjini jioni, daladala imejaa tumesimama kama viberiti, nafika barazani nafungua pochi, ufunguo hakuna. Kitasa kilikuja na funguo tatu: mmoja anao baba watoto, mmoja umetundikwa kwenye msumari sebuleni, na wa tatu ndio huo uliodondoka, sijui kwenye gari, sijui sokoni. Watoto wamekaa chini na mabegi ya shule, wana njaa. Mama Zuhura, jirani yangu, akasikia kelele akatoka. Nikamwambia nampigia fundi aje avunje. Akasema, "Mama Imani, usivunje mlango mpya. Hebu tujaribu na wangu." Alisema kunituliza tu, mimi namjua. Akauingiza, akazungusha. Mara ya kwanza, mara ya pili, bila kulazimisha, kama anaingia kwake. Mlango ukafunguka.

Tulicheka mno. Watoto wakashangilia wakakimbilia ndani. Halafu tukatazamana, na kicheko kikaisha pale pale.

Nikautoa ufunguo wangu kwenye msumari, tukavuka kwenda kwake. Ukafungua mlango wake. Cha kwake alinunua Tandika, duka jingine kabisa, na mwaka mwingine. Boksi lile lile, jina lile lile.

Usiku ule nilisukuma kabati la vyombo likaziba mlango, nikakaa sebuleni mpaka adhana ya alfajiri. Mama Zuhura simshuku, huyu ndiye aliyenipokea nilipofika hapa sijui hata maji yanatekwa wapi. Ila mtaa huu umejengwa miaka ya karibuni, kila mtu amenunua vitasa vyake Kariakoo au Tandika. Je, ni nyumba ngapi? Nimelala na wanangu miezi yote hiyo nyuma ya mlango ambao nusu ya mtaa huenda wana ufunguo wake mfukoni na hawajui.

Asubuhi fundi akakichomoa, akafungua skrubu za kifuniko, akanionyesha ndani. Naeleza kama alivyonieleza, maana hata mimi sikuwahi kuona. Ndani kuna vibati vyembamba vimepangwa kimoja juu ya kingine, wenyewe wanaviita liva. Kila jino la ufunguo linanyanyua kibati chake kwa kimo chake. Vyote vikifika kimo sahihi kwa pamoja, nafasi zinalingana na ulimi unapita. Kimoja kikizidi au kikipungua, ulimi haupiti. Kwa hiyo usalama wote uko kwenye wingi wa vibati na tofauti za vimo vyake. Changu kilikuwa na vibati vitatu, na viwili kati ya hivyo vimekatwa sawasawa. Fundi akaviweka kiganjani kimoja juu ya kingine, huoni tofauti. Ule uzito niliobwagiwa juu ya kaunta ni wa kasha tu! Nilinunua kasha.

Shemeji yangu yuko Leeds, Uingereza. Nilipomsimulia akaniambia kwao kampuni za bima mara nyingi hudai kitasa cha mlango wa nje kiwe kimefikia kiwango wanachokiita BS 3621. Kwa kitasa cha aina hii maana yake ni liva tano kwa kawaida, aina za funguo zisizopungua 1,000, na ulimi unaotoka milimita 20. Nikachukua rula ya mtoto nikapima ulimi wangu: milimita 14.

Nikarudi dukani. Nilikwenda kwa adabu kabisa, nimekifunga kitasa kwenye gazeti, risiti mkononi, ile ya kuandikwa kwa kalamu yenye muhuri wa "mali ikiuzwa hairudishwi". Kijana aliyeniuzia akanisikiliza, tena nilimwona uso umebadilika, akamwita bosi wake. Bosi alikuwa anapiga hesabu kwenye kikokotoo. Hakuinua kichwa. Nikaeleza yote. Nilipomaliza akaniuliza:

"Kwani umeibiwa?"

Nikasema hapana, sijaibiwa.

"Sasa unarudisha nini?"

Hapo ndipo palipo na donda langu. Elfu arobaini na tano inauma, lakini ningeimeza. Hilo swali haliendi. Yaani kwake yeye kitasa kina kasoro siku nikikuta televisheni haipo, au siku mtu amesimama juu ya kitanda cha binti yangu. Akaongeza, "Au jirani yako ndiye mwizi? Gombana naye huko." Mama Zuhura! Watu wamejaa dukani wanasikiliza.

Nikamwomba kijana anishushie maboksi matatu ya kitasa hicho hicho. Akashusha. La kwanza ufunguo wangu haukuzunguka. La pili haukuzunguka. La tatu ulimi ukaingia na kutoka, klak, mbele ya wateja. Baba mmoja aliyekuwa anachagua bawaba akaziacha kaunta akaondoka. Bosi akayakusanya maboksi akaniambia namharibia biashara, kama nataka kizuri niongeze elfu hamsini. Kwa hiyo kizuri kilikuwepo siku ile nilipokiomba!

Mpwa wangu anasoma sheria. Anasema Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji wa bidhaa hizo, mnunuzi akimweleza anachokwenda kufanyia kitu na kumtegemea ujuzi wake, ampe kinachofaa kwa kazi hiyo. Nami nilimweleza. Cha mlango wa mbele, nilisema. Sikwenda popote na hilo, nina watoto na nauli ya kurudi Kariakoo kila siku sina. Sijui kama nilifanya vizuri kuliacha.

Kama mtaniuliza kitasa hiki mnunue au msinunue, nitasema kwa mlango wa chumba cha ndani, au stoo, kinafaa, na kitadumu. Hapana. Nafuta hilo. Mkikinunua kwa ajili ya stoo mnampa pesa yule mtu, na kesho atambwagia mama mwingine juu ya kaunta. Msinunue.

Nilichofanya ni hiki. Fundi alinipeleka kwa muuzaji mwingine, mzee mtaratibu, nikamwambia kabla ya bei fungua maboksi mawili nijaribu ufunguo wa hiki kwenye hiki. Hakununa. Akafungua manne. Namba zilizogongwa kwenye funguo zilikuwa tofauti zote, na hakuna uliozungusha kitasa cha mwenzake. Liva tano. Bei karibu mara mbili, nililipa nikashukuru. Fundi akatanua tundu kwa patasi, na kile kibati cha kwenye fremu ambamo ulimi unaingia, kilichoshikwa na skrubu fupi kama za kabati, akakifunga upya kwa skrubu za inchi tatu zinazopita fremu mpaka ukutani. Alisema hata kitasa cha liva kumi, fremu ikipasuka kwa teke moja, mwizi hana haja ya ufunguo.

Sasa nalala. Kinachonikosesha raha ni kwa Mama Zuhura. Ule ufunguo wangu wa tatu haujapatikana mpaka leo, na mlango wangu hauufungui tena, lakini wa kwake unaufungua. Nimempa kufuli kubwa alitie kwenye grili kwa sasa, na nusu ya pesa ya kitasa nitatoa mimi, hataki lakini nitatoa. Mwisho wa mwezi tunakwenda wote kwa yule mzee.