Nesi kwenye simu wakati wa tibakemikali: uzoefu wangu nikiwa na miaka 71

Hospitali inayonitibu saratani ya utumbo mpana iliniunganisha na manesi kupitia programu ya simu tangu nilipoanza dripu za tibakemikali, yaani dawa kali za kuua saratani. Kila jioni unajaza maswali: umeharisha? Una vidonda mdomoni? Ganzi? Joto la mwili nyuzi ngapi? Majibu yakitia wasiwasi, nesi anakupigia. Unaweza pia kumtumia picha ya kiganja au mkaonana kwa video. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo ya tano nimeizuia makusudi.

Wengi wa rika langu niliokaa nao kwenye viti vya dripu waliikataa siku ile ile. Vijana wanadhani tunaogopa simu. Simu tunazo, na picha za wajukuu tunazitazama mpaka chaji inaisha. Wanachoogopa wenzangu ni kwamba hii ni namna ya kutuondoa hospitalini polepole: leo nesi yuko kwenye kioo, kesho hayupo kabisa. Mama mmoja aliogopa kubonyeza mahali pasipo sahihi, aonekane yu mahututi, wamsimamishie dawa. Mwingine hakutaka picha ya mfuko wake wa choo wa tumboni ikae kwenye simu ambayo watoto wa nyumbani wanaichezea. Hiyo si hofu ya kijinga hata kidogo. Mimi niliogopa matapeli, maana nimeshapokea meseji nyingi zinazojidai zimetoka benki. Kilichonituliza ni nesi kuniambia uso kwa uso, kabla sijaanza: hatutakuomba hela wala namba ya siri, na ukiwa na shaka kata simu, kisha upige wodini mwenyewe.

Ambacho watengenezaji hawakukiwaza ni vidole. Natibiwa kwa oxaliplatin ya dripu na vidonge vya capecitabine. Ya kwanza inatia ganzi kwenye ncha za vidole, na ukigusa kitu cha baridi ni kama umeshika waya wa umeme. Ya pili inawasha viganja, vinakuwa vyekundu, ngozi inabambuka. Sasa programu inakutaka uifungue kwa alama ya kidole! Mwaka 2009 jarida la Annals of Oncology lilichapisha kisa cha mgonjwa wa miaka 62 kutoka Singapore aliyezuiliwa na maofisa wa uhamiaji Marekani kwa sababu capecitabine ilimfuta alama za vidole. Simu yangu nayo ikawa hainitambui. Binti yangu aliweka namba za siri badala ya kidole, akakuza maandishi, kazi ikaendelea. Lakini asiye na binti karibu angeishia hapo, kisha wangesema wazee hawataki teknolojia.

Sasa sifa zake. Daktari akiniuliza hali, mdomo wangu unasema "nzuri" kabla sijafikiri. Naona foleni nje, namwona mwenyewe amechoka, nameza shida zangu. Kioo hakina uso wa kuonea huruma. Jioni moja nilijaza idadi ya mara nilizokwenda chooni kama ilivyo, na punde nesi akapiga: "Baba, vidonge vya usiku usimeze kwanza, nazungumza na daktari." Dozi ikapunguzwa, nikaendelea na matibabu bila kulazwa. Kliniki ningeyasema hayo wiki nzima baadaye, nikiwa nimekauka maji mwilini.

Na si bahati yangu tu. Daktari Ethan Basch na wenzake walifuatilia wagonjwa 766 wa saratani iliyosambaa katika hospitali moja ya New York. Katika matokeo ya mwaka 2017, nusu ya walioripoti dalili kwa mtandao waliishi zaidi ya miezi 31.2; kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa miezi 26. Taarifa yao ya mwaka 2016 ndiyo ninayopenda kuwasomea wenzangu kwenye viti vya dripu: walionufaika zaidi ni wale ambao hawakuwa na mazoea ya kompyuta. Ila kumbuka, kule kulikuwa na manesi waliopata taarifa dalili zilipozidi. Fomu isiyosomwa na mtu haimtibu yeyote.

Nyota ya tano ilipotelea hapo hapo. Usiku mmoja kipimajoto kilisoma 38.3. Nikajaza. Programu ikajibu kwa adabu kwamba nesi atawasiliana nami saa za kazi. Kwa mtu aliye kwenye tibakemikali, chembe nyeupe za damu zikiwa zimeshuka, joto la nyuzi 38 ni dharura. Maambukizi yanaweza kukumaliza kabla hakujakucha. Hungoji, wala humezi paracetamol kwanza, kwa kuwa inashusha joto na kuficha ugonjwa. Mimi nilikuwa na kadi ya karatasi yenye namba ya dharura ya wodi, nikapiga, nikaambiwa nije mara moja.

Niliwaandikia malalamiko. Wameongeza onyo jekundu lenye namba ya wodi kwa yeyote anayejaza 38 na kuendelea. Maandishi yake bado ni madogo.