Kulala Addis kwa transiti: hoteli ya bure ila usingizi ni wa kuwahi

Tiketi yangu ilikuwa Dar–Addis–Accra, shirika la Ethiopian, na kwa safari kama hiyo unatua Bole, uwanja wa ndege wa Addis, usiku halafu ndege ya Accra mpaka asubuhi, yani usiku mzima uko pale. Utaratibu wao ni kwamba ukiwa na tiketi moja, kusubiri kwako kukaanzia saa 8 hadi 24, na hamna ndege ya mapema zaidi ya kukuunganisha, wanakupa hoteli na chakula na usafiri wa kwenda na kurudi. Watu wengi wa huku hawajui wanaenda kujikunyata kwenye viti vya uwanjani na begi kichwani, wakati kitanda kipo.

Nilimuuliza dada wa kaunta pale JNIA, uwanja wetu wa Dar, akanambia vocha ya hoteli unachukulia hukohuko Addis. Sawa. Ila begi kubwa linapitiliza mpaka Accra hulioni tena, kwa hiyo mswaki, nguo ya kubadili, chaji, dawa kama unatumia, vyote viwe kwenye begi la mkononi. Na sweta. Aisee sweta jamani, Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari na mwezi wa saba ndo wako katikati ya mvua zao, kile kibaridi chetu cha Dar cha mwezi huohuo ni utani. Kuna kaka tulishuka nae kavaa tishet na kandambili za ngozi, pale nje tunasubiri basi alikuwa anaruka ruka tu.

Sasa hapa ndo watu wanajidanganya kwenye hesabu. Kwenye tiketi kusubiri kunasoma saa 12 na ushee unasema nitalala mpaka nichoke, kumbe kuna kaunta ya vocha, kuna uhamiaji, kuna kusubiri kibasi kijae, kisha risepsheni nako mnapanga mstari upya maana mmefika kundi zima. Tulitua kama saa mbili na nusu, mi naweka kichwa kwenye mto inakaribia saa sita. Na basi ya kurudi uwanjani ilikuwa alfajiri. Toa hapo uone kilichobaki. Kilichonisaidia ni kukaa siti za mbele kwenye ndege, ukishuka wa mwanzo unawahi kaunta, wa nyuma walifika hotelini wakati mi nishamaliza kula.

Kuna wanaobahatika kupangiwa Skylight, ile hoteli kubwa ya shirika lenyewe jirani na uwanja, ina vyumba zaidi ya elfu moja. Sisi tulipelekwa ka hoteli ka kawaida mitaa ya Bole, jina naliacha. Kitanda kizuri, blanketi zito, shuka safi, hapo sina neno. Maji ya moto yalikuja baada ya kuyaacha yamwagike mpaka nikaanza kuona huruma. Dirisha langu lilikuwa linaangalia baa ya ng'ambo ya barabara na siku yenyewe Ijumaa, muziki ulipigwa kweli kweli. Nikaomba kubadilishiwa chumba, wakanihamishia upande wa nyuma bila maneno, kwa hiyo usione aibu kuomba. Soketi ni zile za pini mbili za mviringo, chaji yetu ya pini tatu haiingii, risepsheni walikuwa na adapta moja ikawa inazunguka vyumbani kama kibuyu cha togwa.

Chakula nilikipenda kuliko nilivyotegemea. Wakristo wa Orthodoksi wa kule Jumatano na Ijumaa wanafunga nyama na maziwa, kwa hiyo upande mmoja wa meza ulikuwa injera, ile chapati yao laini, na shiro, mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde, dengu zenye pilipili, mboga za majani, kabichi na karoti. Mi Muislamu, sikuwa na haja ya kuhoji nyama imechinjwa na nani, nikapakua huko huko. Injera ina uchachu, ukiikataa kwa tonge la kwanza jaribu la pili na shiro nyingi. Kahawa yao ni moto wa kuotea mbali, ila usinywe usiku huo utakodoa macho mpaka basi ije.

Kitu kilichonichekesha ni saa. Kaka wa risepsheni akatutangazia kwa Kiingereza basi inaondoka ileveni. Mnaijeria mmoja akapanda juu, ndege yetu si asubuhi, ileveni tutakuwa tumeachwa! Mi nimekaa kimya nacheka, maana Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, siku inaanza jua likichomoza, kwa hiyo ileveni yake ni saa kumi na moja alfajiri. Simu yako pia haibadiliki, saa ya Addis na ya Dar ni ile ile. Lakini hata wewe Mswahili hakikisha, muulize ni alfajiri au mchana, maana wengine wakiongea na wageni wanatumia ya kizungu.

Asubuhi tulipewa mkate na yai na juisi haraka haraka, uwanjani unakaguliwa mlangoni kabisa na baadae tena ndani, mkanda na viatu vinatoka. Kadi ya homa ya manjano iwe karibu, Ghana wanaiangalia.

Kwa kitanda cha bure nawapa 7 kwa 10, baa imekula moja na maji ya moto mbili. Ila kama tiketi zako umenunua mbili mbali mbali hiyo vocha isahau, utajilipia. Na kama kusubiri kwako ni saa nane kasoro, mi ningekaa tu ndani nikanywa makiato, kahawa yao yenye maziwa kidogo, na kutafuta kona ya kujilaza.