Vinyago vya marehemu vimetoka kabatini: nilivyomtumia mshauri wa sanaa za nyumbani, Dar es Salaam

Marehemu mume wangu alifanya kazi TAZARA. Likizo zake hakuzimalizia nyumbani, alikwenda Newala na Mtwara kutafuta vinyago. Ameniachia vipande 31: vinyago vya mpingo, picha nne za Tingatinga, sahani za Kichina alizorithi kwa mama yake Lamu, na kiti cha enzi kilichotoka nyumba hiyo hiyo. Miaka yote vilibanana kwenye kabati la vioo sebuleni kwetu Upanga. Kiti kilikuwa nyuma ya mlango, kimebebeshwa maboksi.

Mwaka jana nilimwita mshauri. Kazi yake ni kuja nyumbani, kuangalia ulicho nacho, kisha kukuambia kipi kikae wapi, kitundikwe vipi na kitunzwe vipi. Huyu wangu ni binti anayefanya kazi peke yake, wateja wanampata kwa kuelekezana. Hapendi jina lake litembee mitandaoni, kwa hiyo ninaandika kazi aliyoifanya tu.

Alifika saa mbili asubuhi. Akaniamkia, akavua viatu, na kabati hata hakuligusa. Aliniuliza, "Mama, jua la saa kumi linaingia dirisha lipi?" Kisha akapita chumba kwa chumba akiweka mgongo wa kiganja ukutani, kama unavyompima mtoto homa. Kwenye ukuta unaopakana na bafu akasimama. "Huu unavuta maji. Picha isikae hapa." Ilikuwepo picha ya Tingatinga, ya chui na ndege. Alipoitungua nikaona madoa ya ukungu nyuma, na pembe moja ya ubao imevimba.

Hapo ndipo nilipojua kwamba adui wa picha zile ni ubao wenyewe. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alichora juu ya masonaiti, yaani mbao nyembamba za nyuzi za mti zilizoshindiliwa, kwa rangi za kung'aa zinazopakwa baiskeli. Rangi ile ni ngumu, kitambaa laini kikavu kinatosha kuisafisha. Masonaiti ndiyo inayokunywa unyevu. Sasa picha zote nne ziko ukuta wa ndani, katikati ya kila picha iko kama sentimita 150 kutoka sakafuni, na nyuma kwenye pembe amebandika vipande vidogo vya koki, ile ya vizibo vya chupa, ili hewa ipite.

Picha moja ina sahihi ya Tingatinga mwenyewe. Mwanangu wa kwanza alikuwa ameshapiga hesabu ya kiwanja. Binti aliipeleka dirishani, akaitazama muda mrefu, mbele na nyuma, akasema bila kuzunguka: yule mzee alichora miaka minne hivi tu kabla ya kuuawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, kazi zake ni chache, na zilizoghushiwa kwa jina lake ni nyingi. "Mama, mimi siwezi kukuambia ni yake. Ukitaka kuuza, tafuta mtu wa kuithibitisha. Ukitaka kuitazama, ni picha nzuri sana." Mwanangu alinuna. Mimi ndipo nilipomwamini, maana angeweza kutusifia tu akaondoka na hela yake.

Vinyago navyo alivishika kimoja kimoja, akivipima uzito mkononi. Alikuwa na kitambaa cheupe cha pamba. Alipofika kwenye kile cha mama anayetwanga, kitambaa kikatoka cheusi. Akakikunja upesi nisione, lakini nilishaona. Mpingo wa kweli ni mzito, ukiutumbukiza majini unazama, na weusi wake uko ndani ya mti. Kile kilikuwa mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu. Mume wangu alininunulia mwaka tuliofunga ndoa. Nilikaa chini kidogo. Binti akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hiki ungependa ukione saa ngapi ya siku?" Nikamwambia asubuhi, nikifumbua macho. Akakiweka kwenye meza ya kitandani, na hakukizungumzia tena. Kwa hilo peke yake ningemlipa.

Sasa nguzo ya ujamaa. Ni gogo moja la mpingo, urefu unafika kifuani mwangu, watu wamepandana juu ya watu mpaka kileleni. Ilisimama pembeni ya kabati, mgongo umeelekea ukutani. Binti akasema kazi ya namna hii imechongwa pande zote, mtu aizunguke. Tukasogeza makochi, tukaiweka juu ya jukwaa fupi la mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Nikaizunguka. Nyuma, chini kabisa, kuna kikongwe aliyeinama, na mkono wake mmoja umeshika kifundo cha mguu wa kijana aliye juu yake, vidole vitano vyote vinaonekana hadi kucha. Nimeishi na kinyago kile miaka 26 sijamwona bibi huyu. Niliwaita watoto kwa simu mmoja mmoja.

Nguzo hiyo hiyo ina ufa, unapanda kutoka kwenye kitako. Sababu ni kiyoyozi. Mpingo uliozoea hewa nzito ya pwani ukipulizwa na hewa kavu usiku kucha unasinyaa nje kabla ya ndani, ndipo unapopasuka. Alinikataza kuujaza gundi, alinikataza kuosha kinyago kwa maji, na kiyoyozi tukageuza mdomo wake uelekee dari. Sahani za Lamu nazo amezivua zile waya za springi zilizokuwa zinazing'ata kingo, akatumia vishikizo vilivyofunikwa plastiki.

Ambayo sikuyapenda nayo niyaseme. Fundi aliyekuja naye alitoboa matundu manne ukuta usiohusika kwa sababu alishika mchoro juu chini. Waliyaziba na kupaka rangi, lakini rangi haijalingana na ya zamani, jioni ukiwasha taa unayaona. Taa nazo: alipendekeza taa za kumulika saba, nikanunua tatu, na tatu zinatosha. Mwenye kumwita amwambie mapema bajeti ya taa, la sivyo hesabu itapanda.

Kwenye kiti cha enzi hatujakubaliana mpaka leo. Alikitoa nyuma ya mlango, akakisafisha kwa brashi ya manyoya, vipande vya mfupa vilivyopachikwa mgongoni vikatokeza vyeupe. Akakiweka kichwani mwa sebule, jambo zuri. Kisha akataka nikifungie utepe mtu asikae. Najua kamba zake zimechoka, nimeziona. Lakini kiti kile Lamu kilikuwa cha mgeni wa heshima, na nyumba inayomwonyesha mgeni kiti halafu inamnyima siielewi. Utepe nimeukataa. Ninatafuta fundi wa kuisuka upya kamba kwa mkono, na nikimpata, wa kwanza kukalia atakuwa shemeji yangu mkubwa kutoka Lamu.

Gharama: nililipa shilingi 450,000 kwa siku mbili za ushauri, fundi na vifaa 280,000, taa mbali. Si kidogo kwa mstaafu. Hakuniuzia kitu hata kimoja, na nilipomuuliza kama ninunue picha nyingine ya kujaza ukuta wa ukumbini, alisema uachwe wazi mwaka mzima kwanza. Mwenye nyumba yenye vitu vya wazee vilivyorundikana kabatini, amtafute mtu wa aina hii kabla ya kwenda dukani.

Kabla ya kuondoka alifunga uzi mweupe kuizunguka nguzo, pale pale ufa ulipoishia, akaniambia niukague kila mwisho wa mwezi. Masika yamepita, joto la Januari limepita. Juzi nimeinama na tochi: ufa haujauvuka uzi.