Murmur ya R.E.M.: maneno sijayapata, besi nimeipata

Mimi ni mpiga besi, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianzia chini. Kwenye albamu hii, Mike Mills, mpiga besi wa bendi ya R.E.M., hakai pale wapiga besi wengi wa roki tunapokaa, tukikandamiza noti moja hadi mpiga solo amalize mambo yake. Anazunguka, anapanda, anajibizana na mwimbaji. Wimbo "Laughing" unafunguka kwa ngoma na besi, gitaa linabisha hodi baadaye. Na hapo hapo ndipo santuri yangu, niliyoinunua ikiwa imeshapita mikono ya watu, ina mkwaruzo: sindano inaruka, namkosa Mills kwa sekunde mbili hivi. Muuzaji aliniapia haina hata doa. Sasa nimezoea, nikisikia nakala safi naona kama kuna kitu wamekipunguza.

R.E.M. walikuwa vijana wanne walioanza 1980 Athens, jimbo la Georgia, Marekani, mji wa chuo kikuu uliokwisha kuzitoa bendi za B-52's na Pylon. Mpiga gitaa Peter Buck aliuza santuri dukani, mwimbaji Michael Stipe alisomea sanaa. Wimbo wao wa kwanza ulitoka 1981 kwa lebo ndogo ya Hib-Tone. Baadaye lebo ya I.R.S. wakawachukua na kuwajaribu na prodyuza Stephen Hague, akawafanya warudie wimbo "Catapult" mara chungu nzima, kisha akaipaka kinanda juu. Hawakutaka kabisa. Wakaenda Charlotte, North Carolina, kwa maprodyuza Mitch Easter na Don Dixon, na mwanzoni mwa 1983 Murmur ikakamilika.

Ukingoja Buck aachie solo utangoja sana. Kazi yake ni kuchambua kodi (noti za pamoja) uzi mmoja mmoja kwenye gitaa lake la Rickenbacker, basi. Mpiga solo ninayefanya naye kazi alisikiliza nyimbo mbili akaniuliza gitaa litaanza lini.

Maneno sasa. Stipe anamung'unya, na nyimbo nyingi hapa sijui zinasema nini mpaka leo. Waliokulia kwenye rumba ya Kongo watanielewa upesi: tumecheza Kilingala miaka yote bila kuambulia neno, tukatokwa machozi kwa nyimbo ambazo huenda mwimbaji alikuwa anamtaja tajiri wake tu. Tofauti ni kwamba hapa hata wenye Kiingereza chao wanabahatisha. Sioni kuwa ni kasoro. "Perfect Circle" inayofunga upande wa kwanza ina piano mbili zinazopigwa kwa pamoja, moja kubwa na moja ya kusimama ambayo sauti yake imeachana kidogo na mwenzake, na ule mwachano mdogo ndio unaoniuma. Ningepewa maneno yote yameandikwa wazi, sidhani kama ningeumia zaidi.

Jarida la Rolling Stone liliipa nafasi ya albamu bora ya 1983, mwaka ambao Thriller ya Michael Jackson ilikuwa imetawala kila mahali. Mimi nisingefika huko. Upande wa pili umelegea: "9-9" nairuka, na "We Walk" inanikumbusha nyimbo za chekechea. Ila ndani yake kuna ngurumo ya mbali, kama mvua inakuja. Ni mipira ya puli: walimrekodi mpiga ngoma Bill Berry akicheza, wakaipunguza kasi. Ngurumo naipenda. Wimbo wenyewe, hapana.