Matembezi ya vizuka hapa Lubumbashi: nendeni, ila ile bafle (spika) waiache nyumbani

Wale mnaouliza kama yale matembezi ya jioni ya majumba yenye vizuka ni kitu ya kweli ao ni ya kula pesa za watu, jibu langu ni nendeni. Bei si ndogo kwa mtu wa hapa, dola kumi kila mtu pamoja na busi, lakini kijana anayeongoza alisoma historia na inaonekana, anaongea Kiswahili yetu ya Lushi, yaani Lubumbashi, bila kujilazimisha na Kifaransa anakitia pale tu kuna mgeni hajaelewa.

Mnakutana saa kumi na moja jioni mbele ya lile jengo la teatro, Building du 30 Juin, mnalipa keshi ao kwa simu, mnatembea kwa miguu katikati ya mji, halafu busi dogo linawapeleka upande wa Kasapa, kwenye kampasi ya chuo kikuu. Kijana ana barua yake ya ruhusa na anawaambia mapema simu zikae mfukoni mkipita kwenye majengo ya serikali. Hakuna mtu alitusumbua.

Pa kuanzia ndipo pabaya zaidi. Hilo teatro lilijengwa 1956, mji ungali Élisabethville, na hapo anawapa hadithi ya mama mzungu anayeimba usiku kwenye jukwaa tupu. Hiyo hadithi ukiipeleka Brussels ao Paris itakaa vilevile, haina jina, haina mwaka, haina sababu ya huyo mama kuimba. Watoto walicheka kidogo tukapita.

Utamu unaanza mkiingia zile avenyu za zamani zenye jakaranda, mbele ya nyumba za wazungu zenye baraza pana. Hapo njo analeta batumbula. Mtu wa Lushi hahitaji kuelezwa sana, tulilazwa nayo tangu utoto: wazungu wanalipa watu weusi wakamate mtu usiku, anafichwa ndani ya nyumba, analishwa mpaka anageuka nguruwe, halafu analiwa. Kilichonifurahisha ni kwamba kijana hakuishia kututisha. Alitusimamisha akaonyesha kwa mkono upande ulikokuwa mpaka wa mji wa wazungu, ile ardhi tupu ya mamia ya mita waliyoiacha makusudi kati yao na mitaa ya Waafrika, akaeleza kwamba mweusi kukutwa huku usiku bila karatasi lilikuwa kosa. Sasa fikiria baba ametoka nyumbani asubuhi anaenda kazi kwa mzungu, jioni hajarudi, kesho hajarudi, pengine amefungwa, pengine amepelekwa kazi ya mbali, nani atakuja kukwambia? Watu wakasema ameliwa. Na Union Minière, kampuni ya madini iliyozaliwa 1906, ilikuwa inatafuta wafanyakazi mbali sana, Lomami, Rhodesia, mpaka Rwanda, kwa hiyo kampi zilijaa watu wenye familia zao haziko hapa kuuliza wamekwenda wapi. Ukisikia hivyo ile hadithi ya nguruwe inaanza kuwa nzito kifuani.

Mama mmoja mzee wa Kamalondo, mtaa wa zamani wa Waafrika, alimkata kijana katikati. "Mwana, weye unasema vile kwa kitabu. Baba yetu, jua ikiingia, alikuwa anafunga mulango na kifungulo analala nayo chini ya kichwa. Haikuwa shetani alikuwa anaogopa, ni mutu." Kijana akasema "ndiyo mama, endelea basi," akazima tochi yake, akasogea pembeni, na yule mama akaongea karibu robo saa, jinsi walivyokatazwa kupokea sukari ya mtu wasiyemjua, jinsi gari ikisimama karibu na mlango watoto wote wanaingia chini ya kitanda. Tochi imezimwa, watu wazima wamemzunguka bibi mmoja kwenye vumbi, hata wale vijana waliokuja kwa ajili ya selfi wametulia. Kwangu mimi hiyo ndiyo huduma niliyolipia, kiongozi mwenye kujua wakati wa kunyamaza.

Mbele kidogo kuna mahali unaona vizuri ile shimini (bomba la moshi) ndefu ya Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Hapo hakuleta kizuka hata kimoja. Alituambia tu ya Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara uongezwe, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, gavana Amour Maron akawa pale, askari wakafyatua risasi, watu makumi wakafa akiwemo Léonard Mpoyi aliyekuwa anawasemea. Dakika tano hivi, basi. Ningependa akae zaidi hapo, kwa sababu watoto waliokuwa nasi wanapita mbele ya ile shimini kila siku na jina la Mpoyi walikuwa hawajalisikia.

Ndani ya busi analeta ya Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Tarehe 17 Januari 1961 wanashushwa uwanja wa ndege wa Luano, yeye na wenzake Mpolo na Okito, wanapigwa kwenye ile nyumba ya Brouwez, usiku uleule wanapigwa risasi porini Shilatembo upande wa Likasi. Halafu maiti zikafukuliwa zikayeyushwa na asidi ili pasibaki kaburi la kwenda kulia. Kwetu mtu asiyezikwa hapumziki, kila mzee atakwambia, na kijana aliunganisha hiyo vizuri na 2022, wakati Ubelgiji ilirudisha jino moja la Lumumba, jino tu, na likapitishwa mpaka Shilatembo lenyewe. Dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa. Niliipenda sana sehemu hiyo.

Sasa Kasapa, na hapa ndipo nawanyima nyota. Busi linasimama barabarani, kwenye kampasi yenyewe hamuingii, na hiyo ni sawa, wanafunzi wanaishi pale si watu wa kwenda kutazamwa. Kuhusu usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990 anajua anachosema: Rais Mobutu alikuwa ametangaza vyama vingi tarehe 24 Aprili, wanafunzi wakaamka, halafu usiku ule umeme ukakatwa na wauaji wakaingia kwenye homes, yaani mabweni, wakitumia yale maneno ya siri ya "lititi mboka" kutambua nani wa kwao nani si wa kwao. Serikali ilikubali maiti mmoja. Wengine walihesabu makumi, wengine mamia, Ubelgiji ikasimamisha msaada wake, na mpaka leo hatuna orodha moja ambayo wote tunaikubali. Hayo yanatosha kumtoa mtu jasho. Lakini yeye akatoa kabafle kadogo kwenye mfuko akacheza sauti ya viatu vya askari vinakimbia kwenye korido, akaanza kusema kwamba Mei ikifika wanafunzi wanasikia hatua hizo kwenye ngazi.

Baba mmoja aliyekuwa kimya tangu teatro akamwambia taratibu: "Zima ile kintu, mudogo yangu. Bale batu bako na bamama yabo, bangine bangali huku mu mugini."

Aliizima, na aliomba radhi mbele ya wote. Sasa nasema na wenye kuandaa, maana najua mnasoma: batumbula waliishi kwa hofu ya watu ambao wengi wao wameshazikwa, tunaweza kuisimulia jioni na watoto wakatetemeka kwa raha. Ya 1990 bado ina wajane na wadogo wa marehemu wenye umri wa kupanda hilo busi. Mwanafunzi akisikia hatua kwenye ngazi mwacheni ahadithie mwenyewe chumbani kwake na wenzake, hiyo ni haki yao, wao njo wanalala pale. Mtu mwenye kuuza tikiti hana haki hiyo. Semeni tarehe, semeni kilichotokea, mpe watu nafasi wakae kimya, mrudi.

Na ile robo saa ya teatro ipelekeni Kamalondo. Huko ndiko hadithi ziliko na ndiko wazee wako, hata mkimlipa mama kama yule kitu kidogo kila wiki hamtapata hasara.

Kwa anayetaka kwenda: mwezi wa sita na wa saba mjini kwetu usiku una baridi kweli, vaa jaketi. Watoto chini ya miaka kumi hapana, si kwa ajili ya vizuka, ni kwa ajili ya sehemu ya asidi. Leta maji. Ni nyota nne kwa tano, na kabla ya kulipa uliza kama anaongoza yule kijana aliyesoma historia, wakikuambia ni mwingine ngoja Jumamosi ingine.